Nati Iliyoganda Inataka Muda

Nati ikikataa kufunguka, kitu cha kwanza kinachotafutwa katika gereji zetu ni bomba. Kijana anachomeka kipande cha bomba la maji kwenye mkia wa spana, anajitupia kwa uzito wake wote, na kuanzia hapo ni bahati: ama nati izunguke, ama bolti ikatike. Mimi ni fundi wa injini. Gereji yetu ipo Tegeta, kando ya Barabara ya Bagamoyo, na tangu nianze kukaa na vijana wa kufundisha nimepigana na bomba hilo kuliko ubovu wowote wa gari. Bolti nyingi zinazokatika mjini hapa hazikuwa na haja ya kukatika. Anayelipa ni mwenye gari, na mara nyingi haambiwi kilichotokea.

Hesabu yake si ngumu. Bolti ya milimita 8, ambayo kwenye magari ya Kijapani mara nyingi ina kichwa cha 12, hukazwa kwa nyutoni-mita 20 hadi 25 hivi. Bolti ya kawaida ya daraja la 8.8 yenye unene huo ikipita nyutoni-mita 33 haina dhamana tena ya kubaki nzima. Sasa chukua spana ya sentimita 30, weka mkononi uzito wa kilo 20 tu, na tayari umefika karibu nyutoni-mita 60. Hapo bomba bado liko ukutani. Mkono mtupu wa mtu mzima unatosha kabisa kukata bolti ya 12, na bolti ya 10 ndiyo usiseme.

Kwa hiyo nguvu si tatizo letu. Nguvu tunayo nyingi kuliko chuma kinavyoweza kubeba. Tunachokosa ni kujua kilichoishika hiyo bolti.

Unapokaza bolti, karibu nusu ya nguvu yako inamezwa na msuguano wa chini ya kichwa, pale kinapokutana na wosha au chuma kinachofungwa. Sehemu nyingine kubwa inamezwa na meno. Kinachobaki kuvuta na kubana vitu viwili ni kama sehemu ya kumi tu. Maana yake bolti inashikwa mahali pawili, na ukiivuta kwa spana unapambana na pote pawili kwa pamoja, huku fimbo ya bolti ikijinyonga katikati. Ndiyo maana nyundo ina kazi hapa. Ukiweka panchi ya shaba katikati ya kichwa na kupiga mapigo makavu, yaliyonyooka, unavunja kutu ya chini ya kichwa bila kuinyonga bolti. Nimeona bolti nyingi zikifunguka kwa spana fupi baada ya mapigo machache ya namna hiyo, wakati jana yake mtu alikuwa ameshaanza kuzitafutia gesi.

Kutu nyekundu ndiyo adui anayejulikana. Chuma kikigeuka kutu kinachukua nafasi kubwa kuliko kilivyokuwa, na nafasi yenyewe kati ya meno ya nati na ya bolti ni ndogo mno. Inajaa, inabana. Ukanda wetu wa pwani unaiharakisha kwa sababu upepo wenyewe una chumvi. Gari lililoishi Dodoma tunalitambua chini yake: vumbi jingi, lakini nati zinatoka zikiwa na rangi yake. Gari lililoishi Kunduchi halihitaji kutambulishwa. Kuna pia magari yanayofika bandarini kutoka Japani yakiwa yameshakula chumvi huko huko, maana sehemu za kaskazini kama Hokkaido barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji. Baadhi huja yamepigwa rangi nyeusi chini, mpya kabisa. Mimi nikiona rangi hiyo naichokonoa kwa bisibisi kabla sijamtajia mtu bei.

Lakini si kila nati ngumu imeshikwa na kutu. Nyingine imepakwa gundi ya bolti kiwandani, ile nyekundu, na hiyo hulainika kwa joto la nyuzi 250 hivi. Mafuta hayaisaidii kitu. Nyingine fundi aliyetangulia aliianza kwa pembe, meno yakapandana, akamalizia kwa nguvu. Na nyingine haina ugonjwa wowote, unaizungusha upande usio wake. Malori mengi ya Kijapani ya miaka ya nyuma, Fuso na wenzake, nati za matairi ya kushoto hufunguka kinyume, na kwenye ncha ya stadi, ile bolti isiyo na kichwa inayofungwa nati, kuna herufi L. Nimekuta vijana wawili wakirukia spana ya tairi la kushoto, wanakaza, na kila wakiruka wanaikaza zaidi. Niliwaonyesha herufi, wakageuza spana, ikafunguka. Kufuta uchafu kwenye ncha ya stadi na kuitazama kunachukua muda mfupi kuliko kutafuta bomba.

Kazi ninayopenda kuwasimulia vijana ni ya Hilux moja ya dizeli inayobeba samaki kutoka Bagamoyo kupeleka soko la Feri. Samaki wanakaa kwenye barafu, barafu inayeyuka, na maji ya chumvi yanapita kwenye matundu ya bodi na kudondokea chasisi safari nzima. Ekzosi ilikuwa inavuja pale bomba linapokutana na manifodi, gasketi imeungua, moshi unaingia ndani kwa dereva. Ni nati tatu za 14. Mwenye gari, mama anayefanya biashara hiyo kwa mkono wake mwenyewe, alishuka na kuinama kutazama pamoja nami.

"Fundi, si nati tatu tu hizi?"

"Tatu, mama. Lakini gari lilale."

"Alfajiri nina mzigo."

"Nikizifungua sasa hivi zitakatika. Zikikatika, manifodi inatoka, na gari linakaa siku mbili."

Alipiga simu, akapata gari la kukodi kwa safari moja, akaniachia ufunguo. Nasema hili kwa sababu uamuzi wake ulikuwa nusu ya kazi. Fundi hawezi kuipa nati muda ikiwa mwenye gari hajampa yeye muda.

Tulisubiri ekzosi ipoe hadi mkono uivumilie. Kitu cha kwanza ilikuwa brashi ya waya, tena si kwenye nati, bali kwenye meno ya stadi yaliyochomoza mbele ya nati. Hapo ndipo nati itapita ikitoka. Wengi wanapigana hadi nati inalegea, halafu inapanda juu ya kutu ile ya mbele, inakwama upya, na safari hii inaondoka na stadi nzima. Magamba meusi yalidondoka, na chini yake meno yakaonekana yamekonda lakini yapo. Ndipo tukapulizia mafuta ya kupenya, tukagongagonga pande za nati kwa nyundo ndogo ili mafuta yapate njia, tukarudia kabla ya kufunga gereji.

Juu ya mafuta haya kila fundi ana dini yake. Wapo wa dizeli, wapo wa mafuta ya taa, wapo wanaochanganya ATF, mafuta ya gia otomatiki, na thina. WD-40 ya kopo la bluu ilibuniwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, kwa kazi ya kufukuza maji kwenye chuma na kuzuia kutu. Inasaidia, ila yapo mafuta yaliyotengenezwa hasa kwa ajili ya kupenya, na kwa nati ya ekzosi mimi nayachagua hayo. Hata hivyo dizeli iliyolala usiku kucha inashinda kopo la bei kubwa lililopuliziwa dakika tano zilizopita. Kinachofanya kazi ni muda.

Asubuhi tulipulizia tena. Nati zilikuwa zimeliwa na kutu hadi bokisi ya 14 inacheza, na bokisi inayocheza ndiyo inayokula kichwa. Tukachukua ya 13, ya pembe sita, tukaigongea kwa nyundo hadi ikakaa. Bokisi ya pembe kumi na mbili inafaa kwa kazi safi. Kwenye nati iliyochakaa inashika kwenye ncha za pembe tu, na ncha ndizo zilizobaki dhaifu.

Kijana akaweka mkono kwenye mpini na kutaka kufungua. Nikamwambia akaze kwanza, kidogo sana. Mwendo ule mdogo wa kukaza unavunja kutu upande ambao haukutarajiwa, na meno yanapata upenyo. Kisha rudi. Nati ya kwanza ikalia, mlio mkavu, mfupi, unaousikia kwenye kiganja kabla ya sikio. Huo ndio mlio unaotakiwa. Tukaitoa robo mzunguko, tukairudisha nusu ya hapo, mafuta, tukaenda mbele tena. Hivyo hivyo hadi mwisho. Unga mwekundu ulitoka umechanganyika na mafuta, mzito kama ugoro uliolowa.

Nati ya pili haikulia. Ilikuwa inakwenda, na ndicho kilichonitia wasiwasi. Mpini ulisogea kwa ulaini, bila kushtuka, na kijana akafurahi akidhani inafunguka. Nikamshika mkono. Nati inayofunguka huanza kwa kushtuka, kisha inakuwa nyepesi. Stadi inayojinyonga inakwenda taratibu, inavutika, na ukiachia inajaribu kurudi. Ukiendelea kidogo tu inakatika, na haikupi onyo lingine. Kama kuna jambo moja ningependa kila kijana wa gereji alijue mkononi mwake, ni tofauti hiyo. Haifundishiki kwa maneno. Nilimwachia mpini mara kadhaa ili ausikie, asogeze nywele moja na kurudisha, hadi aliponiambia mwenyewe kwamba chuma kinavutika.

Hapo ikawa zamu ya moto. Unachochoma ni nati, si stadi, kwa sababu unataka nati itanuke na kumwachia aliye ndani yake. Tuliweka bati nyuma kukinga mpira na nyaya, tukafuta mafuta yote yaliyopuliziwa, ndoo ya mchanga ikawa karibu, na mtu mmoja hakuwa na kazi nyingine zaidi ya kutazama moto. Tuliichoma hadi ikapata wekundu hafifu unaoonekana kivulini tu. Tukaiacha ipoe kidogo, tukaigusisha mshumaa. Nta inayeyuka na kuvutwa ndani ya meno na ule moto uliobaki, inafika mahali ambapo mafuta yalikuwa hayafiki. Nati ikazunguka kwa spana fupi. Ya tatu tulianza nayo kwa moto moja kwa moja, na haikutusumbua.

Kuhusu moto nina masharti, na sibishani na kijana juu yake. Hakuna moto karibu na tangi, bomba la mafuta wala hozi za breki. Hakuna moto kwenye shokomzoba, maana imefungwa ina mafuta na gesi ndani. Kama mahali hapo pamepigwa dawa ya kusafishia breki, paoshwe na pakauke kabisa kwanza. Zipo dawa zenye klorini ambazo zikichomwa hutoa hewa ya sumu inayoua. Na bolti iliyopigwa moto hadi ikawa nyekundu hairudi kwenye gari. Ugumu iliopewa kiwandani umeshatoka. Inaonekana nzima, lakini si bolti ile.

Mvutano wenyewe una adabu yake. Vuta spana kuja kwako, usisukume, kwa sababu siku itakapoponyoka ngumi yako itakuwa mbele yake. Na kama uko chini ya gari, gari likae juu ya stendi au magogo manene, si juu ya jeki. Mtu anayehangaika na nati ngumu analitikisa gari zima bila kujijua. Jeki inalala, na aliye chini hana nafasi ya kutoka.

Upande wa alumini ni habari nyingine, na hapa Dar tunaichochea wenyewe. Watu wengi wanaweka maji kwenye rejeta badala ya kulanti, na maji yenyewe mara nyingi ni ya kisima, yana chumvi. Bolti ya chuma, nyumba ya alumini, maji ya chumvi katikati: umetengeneza betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Badala ya kutu nyekundu unakuta unga mweupe, mgumu, umeziba kila kitu kwenye pampu ya maji na kifuniko cha themostati. Bolti zake ni zile nyembamba, kichwa cha 10, nazo hukatika kama hukujiandaa. Uzuri ni kwamba alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Kwa hiyo hapa hatuichomi bolti, tunaipasha nyumba yake. Sufuria ya maji yanayochemka, yaliyomiminwa taratibu juu ya nyumba ya themostati huku injini ikiwa imepoa na rejeta imeshamwagwa, imeniokolea bolti nyingi kuliko mtungi wa gesi. Alumini haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka. Moto wa gesi mkononi mwa asiyeijua huigeuza uji ghafla.

Na ikikatika? Kama kipande kimebaki kimechomoza, muite fundi wa kuchomelea kabla ya kuchukua drili. Anaweka nati juu ya kipande, anachomelea kupitia tundu la nati, na joto lenyewe la kuchomelea linavunja kutu ndani. Ukingoja ipoe, mara nyingi inatoka kwa spana. Kwenye alumini inafaa zaidi, maana moto wa kuchomelea chuma haushiki alumini. Betri itolewe kwanza, vinginevyo utaunguza kompyuta ya gari na tatizo la shilingi elfu kumi litakuwa la laki kadhaa. Kama imekatikia ndani, basi ni panchi katikati kabisa, drili nyembamba ya milimita 3 kwanza, na subira. Ile chuma ya kung'olea vipande, inayouzwa kwa seti, naiogopa. Ni ngumu sana na haipindi, na ikikatikia mle ndani drili ya kawaida haiigusi. Hapo kazi inakwenda kwa fundi mkerezaji mwenye mashine.

Nirudi kwenye fedha, kwa sababu ndipo kiini cha bomba kilipo. Kijana hachukui bomba kwa ujinga peke yake. Anachukua kwa sababu analipwa kwa gari lililotoka, na mwenye gari amesimama mlangoni anatazama saa. Usiku ule wa mafuta kupenya haulipwi na mtu. Mimi nimeamua kuulipisha. Nikikagua gari nataja bei ya kazi kama nati zitafunguka, na bei ya kazi kama zitagoma, na mteja anazisikia zote mbili kabla spana haijagusa kitu. Wapo waliochukia na kwenda kwa mwingine. Waliobaki wanaelewa wanachokilipia, na vijana wangu wanajua kwamba kungoja kumo ndani ya ujira wao. Naomba mafundi wenzangu wafanye hivyo hivyo. Tukilipisha kuvunja na tusilipishe kutovunja, tutaendelea kuvunja.

Halafu kuna deni letu kwa fundi atakayekuja. Nati nyingi ninazopigana nazo hazikugandishwa na bahari peke yake. Ziligandishwa na mtu aliyezifunga zikiwa chafu, au aliyekaza ekzosi kwa bomba lile lile. Hilux ile ya samaki tuliirudishia nati mpya za shaba, meno ya stadi yamesuguliwa na kupitishiwa dai ya kuchongea meno, na grisi ya shaba ikapakwa kidogo. Kidogo, kwa sababu meno yenye grisi yanateleza, na mkazo ule ule wa kwenye kitabu utavuta stadi zaidi ya ilivyokusudiwa, kwa hiyo tunaupunguza. Na kwenye matundu yasiyotoboka upande wa pili, kama ya bolti za silinda hedi, tunapuliza upepo hadi yakauke. Oili au maji yakibaki chini hayabanwi, na bolti inaposhuka inaweza kupasua bloku.

Mama alipokuja kulichukua gari aliuliza afanye nini lisirudi vile. Nilimwambia aache kupigisha oili chafu chini ya gari, kwa sababu inaozesha mpira wa bushi na ikifika kwenye breki ni hatari, na mabaki yake yanadondokea kwenye udongo. Badala yake dereva akishashusha samaki, kabla gari halijakauka, apige maji baridi yasiyo na chumvi chini yote, kuanzia matundu ya bodi hadi ekzosi. Alimuita dereva palepale, akamwonyesha mpira wa maji wa gereji yetu, akamtaka aanze siku hiyo hiyo.